Miwani ya njano ya kuendeshea usiku: macho yanatulia, barabara inafifia

Naendesha basi dogo la wafanyakazi wa zamu, na miwani hii nilipewa na abiria wangu mmoja aliyeona ninavyokunja uso kila gari linapotujia. Lenzi zake ni za rangi ya asali. Fremu ni pana, inavaliwa juu ya miwani ya kawaida, na kwangu hilo ni jambo kubwa kwa sababu bila miwani ya daktari kibao cha barabarani sikisomi. Ni nyepesi, haibani masikio, haiteremki puani hata ukitoka jasho. Kwa fremu sina lawama.

Ahadi iliyoandikwa kwenye boksi ni kwamba taa za mbele hazitakusumbua tena. Sehemu ya ahadi hiyo ni kweli. Zile taa nyeupe zenye ubluu zinageuka njano na ukali wake unapoa. Anayeivaa kwa mara ya kwanza atakuambia anaona vizuri zaidi, nami namwelewa kabisa.

Lakini kifaa cha kuendeshea sikipimi kwa raha ya macho. Nakipima kwa mtu anayetembea ukingoni mwa barabara isiyo na taa, nguo nyeusi mwilini, wakati gari la upande wa pili limenimulika. Nikimwona mapema, nina nafasi ya kupunguza mwendo. Nikiwa na miwani ya njano, mtu huyo hunitokea akiwa karibu zaidi kuliko nikiwa sijaivaa. Kwa sababu hiyo tu, usiku siivai.

Mwanga mkali ukiingia jichoni hutawanyika humo ndani na kutanda kama ukungu juu ya kila unachokitazama. Lenzi ya rangi inapunguza ukungu huo, lakini inapunguza pia ule mwanga hafifu unaorudi kutoka kwa mwenye nguo nyeusi. Tofauti kati yake na giza la nyuma yake haiongezeki, na mwanga wote kwa jumla umepungua. Kero imepungua, kutoona kumebaki palepale. Mwaka 2019 watafiti wa taasisi ya macho ya Schepens, mjini Boston, walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya kwa mtambo wa kuigiza uendeshaji, wakiwapa watu miwani za njano na kuwamulika kwa taa mfano wa zile za gari linalokuja. Miwani hizo hazikuwasaidia kumwona mtembea kwa miguu. Hata hivyo, imani ya njano ni ya zamani: Ufaransa iliyalazimisha magari yake kuwa na taa za njano tangu miaka ya 1930, ikaja kuachana na sharti hilo mwaka 1993.

Kero yenyewe ni ya kweli, na wanaoilalamikia hawadeki. Taa ya halojeni, ile ya balbu yenye waya ndani, hutoa mwanga wa kama kelvini 3,200 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), wenye unjano. LED nyingi za magari ziko kati ya kelvini 5,000 na 6,000, mwanga mweupe wenye ubluu, na chanzo chake cha mwanga ni kidogo, kwa hiyo ukali umekusanyika mahali pamoja. Ongeza magari marefu ambayo taa zake ziko usawa wa macho ya aliye kwenye gari la chini. Kinachonikasirisha zaidi ni balbu za LED zinazochomekwa kwenye taa iliyoundwa kwa halojeni. Kioo cha ndani ya taa ile kilipimwa kwa waya mdogo uliokaa mahali maalumu. Ukiweka kitu kingine, mwanga unaruka juu, machoni mwa wenzako, huku barabara yako mwenyewe ikikosa mwanga pale ulipotakiwa. Na kuna hili la mzigo: gari likijaa nyuma, pua inainuka na taa zinainuka nayo. Magari mengi yana kidude kwenye dashibodi cha kuzishusha, na madereva wengi hawajawahi kukigusa. Mimi nakishusha basi linapojaa.

Kilichonisaidia kuliko miwani hii ni kusafisha kioo cha mbele kwa ndani. Kwa ndani, narudia. Plastiki za dashibodi hutoa mvuke unaoganda kwenye kioo, mchana huuoni, usiku kila taa inachanua juu yake. Waipa zilizochakaa nazo huacha michirizi, zibadilishe. Kioo cha kutazamia nyuma nakipindua kwa kile kitufe chake cha usiku, taa za dashibodi nazififisha, na gari linapokuja nahamisha macho kwenye ukingo wa barabara wa upande wangu hadi lipite. Simjibu mwenye ful kwa ful. Wawili tusioona ni wabaya kuliko mmoja.

Kwa anayevaa miwani ya daktari, fedha ya hii ya njano aiweke kwenye lenzi safi zenye utando wa kuzuia mwakisiko. Lenzi ya plastiki isiyo nao hurudisha kama asilimia 8 ya mwanga. Yenye utando mzuri hurudisha asilimia 1 hivi au chini yake. Na kama taa zimeanza kukuumiza kuliko zamani, mwone daktari wa macho kwanza. Huenda ni mtoto wa jicho anaanza, na lenzi ya rangi itakuchelewesha kujua.

Boksi la miwani hii halikusema lenzi zinapitisha mwanga kiasi gani. Kiwango cha kimataifa cha miwani za jua kinasema lenzi inayopitisha chini ya asilimia 75 haifai kuendeshea jioni wala usiku. Mtengenezaji anayeuza kitu kwa jina la usiku aiandike namba hiyo juu ya boksi, kwa herufi kubwa kama alizoandikia ahadi. Mpaka afanye hivyo, nampa nyota mbili, na zote ni za fremu.