Kamera ya msituni: sanduku la chuma au juu ya mti?

Wawindaji wa Marekani wanaotega kamera zinazopiga picha zenyewe mnyama anapopita kwenye misitu ya umma, kama ile ya Idaho na Montana, wanaumizwa sana na wezi. Kinachoibwa si kamera tu, bali na picha za msimu mzima.

Sanduku la chuma lenye kebo na kufuli humzuia mpita njia aliyeingiwa na tamaa ghafla, na dubu pia. Aliyekuja na mkasi wa kukatia chuma halimsumbui. Tena ni mzigo mzito wa kupandisha mlimani.

Mimi naona kuiweka juu ni bora. Ifunge kwenye shina kama mita 3 kutoka ardhini, kisha pachika kijiti nyuma yake ili iiname kuelekea njia ya wanyama. Watu wengi hutembea wakitazama wanapokanyaga. Ila chagua kamera ambayo taa yake ya kupigia picha gizani hutoa mwanga wa nanomita 940 (kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), usioonekana kwa macho: ile ya 850 huonyesha wekundu hafifu usiku, ingawa picha zake hufika mbali zaidi.

Karibu na maegesho ya magari, tumia vyote viwili. Na namba ya kifaa iandike pembeni nyumbani, polisi wataihitaji.