Kitabu cha maswali ya fizikia: sura ya joto wametisha, ya nyukilia wamezingua

Hiki kitabu cha maswali yaliyosolviwa ni cha fizikia ya kuanzia, nimekomaa zaidi na sura mbili, ya kutanuka kwa joto na ya nishati ya kufunga kiini (ile inayoshikilia protoni na neutroni pamoja ndani ya atomu), kwa hiyo naongelea hizo tu.

Ya joto iko poa sana aisee. Wanaanza na lile swali letu la siku zote, reli ya chuma mita 30, joto limepanda nyuzi 40, zidisha na 0.000012 (kiasi chuma kinachotanuka kwa kila nyuzi moja), reli imeongezeka milimita 14.4, basi. Ila hawakuachii hapo, wanauliza je hiyo reli ikibanwa ncha zote mbili isiweze kutanuka, mkazo ndani yake unakuwa kiasi gani? Ukisolvu unapata kama megapaskali 96, na ukiangalia vizuri unakuta urefu umejikata wenyewe, iwe mita 30 iwe mita 3 jibu lile lile. Hapo ndo nilianza kukipenda. Kuna na la tanki la chuma la lita 60 limejazwa petroli hadi juu, joto likapanda nyuzi 20, wengi wanakimbilia petroli peke yake wanapata lita 1.14 wamefurahi, wakati tanki nalo linatanuka (kidogo mno lakini linatanuka), kwa hiyo inayomwagika ni kama lita 1.1. Lile la tundu kwenye bati nalo lipo, na wameeleza vizuri kwa nini tundu linakua badala ya kuziba.

Sasa njoo nyukilia. Yaani sijui ni mtu mwingine ndo kaandika? Swali la heliamu-4, jedwali lao limekupa protoni 1.007276, neutroni 1.008665, halafu masi ya heliamu wakaweka 4.002602. Hiyo ya mwisho ni ya atomu nzima, elektroni mbili zimo ndani! Ukifuata jedwali, ukajumlisha protoni mbili na neutroni mbili, ukatoa heliamu, ukageuza masi iliyopungua kuwa nishati, unapata MeV 27.3 (MeV ni kipimo cha nishati), na nyuma ya kitabu wameandika hivyo hivyo 27.3 bila wasiwasi, wakati jibu ni 28.3. MeV moja iliyopotea ndo hizo elektroni mbili, kila moja 0.511. Dawa yake rahisi tu, badala ya protoni tumia masi ya atomu ya hidrojeni, 1.007825, elektroni zinakatana zenyewe umemaliza. Na usikubali ushauri wao wa kukadiria desimali mbili mapema, pengo lote la masi hapo ni 0.030 hivi, ukikata desimali unabaki unatoa 4.03 na 4.00, sasa hiyo hesabu gani.

Swali moja tu la sura hiyo nalisifia, la urani-235 kupasuka, kwamba nishati ya kufunga kwa kila nukleoni (yaani protoni au neutroni) inatoka kama MeV 7.6 kwenda kama 8.5 kwenye vipande, zidisha tofauti hiyo na 235 unaona wenyewe ile MeV 200 na ushee ya kila mpasuko inakotoka.

Mimi ningekinunua tena kwa ajili ya joto, nyukilia nisome kwingine. Halafu mkichukua ya PDF angalieni vipeo, kwenye simu alama ya kutoa inapotea, 10 kwa kipeo cha hasi 6 inasomeka kipeo cha 6, na reli yako inatanuka hadi nje ya dunia.