Postfix kwa domeini nyingi kwenye seva moja: uzoefu wangu, Tanga

Seva ninayoihudumia hapa Tanga inabeba barua pepe za nyumba za wageni za Raskazone na maduka ya Ngamiani, kila mteja na domeini yake (jina linalofuata @ kwenye anwani). Kazi yote inafanywa na Postfix, programu ya bure iliyoanzishwa na Wietse Venema, na sioni sababu ya kuiacha.

Kabla ya kugusa main.cf (faili la mipangilio ya Postfix), amua kwanza: barua za domeini hii zinaelekezwa kwingine, au zinahifadhiwa hapa hapa? Za kuelekezwa zinaingia virtual_alias_domains, na anwani zake kwenye virtual_alias_maps. Za kuhifadhiwa zinaingia virtual_mailbox_domains. Domeini ikae sehemu moja tu. Ukiiweka pia kwenye mydestination (orodha ya domeini za seva yenyewe), Postfix inaihesabu kuwa ya seva yenyewe na haitazami tena kilicho baada ya @. Hapo info@ ya hoteli na info@ ya duka zinaangukia sanduku moja, mteja anasoma oda za mwenzake. Logi hutoa onyo, lisome.

Ukihariri faili la anwani (lile la virtual_alias_maps), endesha amri hii ili Postfix iyaone mabadiliko:

postmap /etc/postfix/virtual

Kisha jaribu:

postmap -q info@hoteli.example hash:/etc/postfix/virtual

Isipojibu kitu, anwani haimo. Ukibadilisha main.cf, malizia na postfix reload.

Kwenye virtual_mailbox_maps (orodha ya anwani na masanduku yake), njia ya sanduku iishie na mkwaju (/), la sivyo barua zote zinarundikwa kwenye faili moja badala ya Maildir (folda ambamo kila barua ina faili lake).

Kinachosumbua zaidi ni ukubwa. virtual_mailbox_limit, kikomo cha sanduku, huja ikiwa baiti 51200000. Mteja akiomba viambatisho vikubwa ukapandisha message_size_limit (kikomo cha barua moja) kupita hapo, kipokezi cha virtual (sehemu ya Postfix inayoweka barua kwenye masanduku) kinagoma kuwaka na barua zinakwama kwenye foleni. Pandisha zote mbili.

Kuelekeza barua kwenda Gmail siipendekezi. SPF ya mtumaji (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la domeini yake) haiitambui seva yako, kwa hiyo barua halali zinaishia kwenye spamu. Ukilazimika, weka postsrsd, programu inayobadilisha anwani ya mtumaji iwe ya domeini yako. Na mstari wa kupokea kila anwani, @hoteli.example, usiuweke hata mteja akibembeleza: takataka zote za mtandaoni zitaingia, nawe ndiye utakayezisambaza mbele.