Ruta mpya, kasi ileile: uzoefu wangu

Nimetumia ruta hii kwa miezi minne. Ni nzuri, ila ningejua ninayoyajua leo nisingeinunua.

Kifurushi changu ni cha Mbps 300 (megabiti 300 kwa sekunde), lakini mtandao ulikuwa unasuasua. Video zinaganda, na kwenye mikutano ya kazi sura yangu inabaki imekodoa macho huku wenzangu wakiendelea kuzungumza. Huduma kwa wateja walikuwa na dawa moja tu: zima, subiri, washa. Nikazima na kuwasha hadi nikachoka. Mwishowe wakaniambia ruta yangu imepitwa na wakati, nami nikanunua hii ya Wi-Fi 6, yenye antena nne zilizosimama kama miguu ya kaa aliyepinduliwa.

Nikachomeka kompyuta kwa waya, nikapima kasi: Mbps 94. Kesho yake, 94. Usiku wa manane, watu wote wamelala, 93.

Namba ile ingenishtua mapema kama ningekuwa makini. Mtandao uliolemewa hupanda na kushuka. Haugandi mahali pamoja saa zote. Na 94 hivi ndiyo inayobaki mkononi pale vifaa viwili vinapounganishwa kwa Mbps 100. Kebo ya mtandao ina nyaya nane, yaani jozi nne. Ili ipitishe Mbps 1000, jozi zote nne zinahitajika; moja ikikatika, mara nyingi vifaa huridhika na jozi mbili na kushuka hadi 100, bila kukuonya.

Nikaifuata kebo ya kutoka kwenye modemu, kile kifaa kinacholeta intaneti ndani, kwa vidole, hatua kwa hatua. Ilikuwa imebanwa chini ya mguu wa kabati, imekuwa bapa kama utepe. Cha kuchekesha ni kwamba ruta ilikuja na kebo yake fupi, nami nilikuwa nimeiacha kwenye boksi, haijafunguliwa, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa ndefu na “bado nzima”. Nikaichomeka. 287.

Lakini mikutano iliendelea kuganda jioni. Kumbe 94 nayo ilitosha kabisa kwa mkutano. Tatizo hili lilikuwa jingine. Simu tatu za humu ndani, zikichomekwa tu kwenye chaji, zinaanza kupakia picha na video kwenye hifadhi ya wingu. Njia ya kupakia ni nyembamba kuliko ya kupakua, na ikijaa, sauti na sura yangu vinapanga foleni nyuma ya video za harusi. Hapa ruta imenisaidia kweli: ina mpangilio wa kuweka kikomo cha kupakia. Nimekiweka chini kidogo ya kasi halisi, na mikutano imetulia.

Nisichokipenda ni programu yake ya simu. Inakulazimisha kufungua akaunti kabla ya kubadili hata jina la waifai, na huo mpangilio wa kikomo wameuficha ndani kabisa. Nyota tatu na nusu.

Wiki iliyopita niliirudisha ruta ya zamani kwa nusu saa, nikaiunganisha kwa kebo mpya na kuziagiza simu zipakie usiku tu. Kwa waya ilitoa 281, na mkutano haukukatika hata mara moja.