Nimemaliza "10 Years with Hayao Miyazaki": uzoefu wa shabiki

Niseme mapema: mfululizo huu wa video haukutengenezwa ili umpende zaidi Hayao Miyazaki, mtengenezaji filamu za katuni wa Japani. Anayemjua kwa filamu zake tu, kwa yule paka-basi wa Totoro au Kiki na fagio lake, hapa atamkuta mzee aliyevaa aproni, sigara haimtoki mkononi, ananung'unika tangu asubuhi kwamba kazi hii ni mzigo. Nimeupa nyota nne kati ya tano, na nyingi kati ya hizo ni za manung'uniko hayo.

Kwa ambao hamjaukuta: ni sehemu nne, kila moja karibu saa nzima, zilizotolewa mwaka 2019 na NHK, shirika la utangazaji la Japani, lile lile tunalolisikia redioni kwa Kiswahili. Waliziweka mtandaoni bure. Aliyepiga picha ni Kaku Arakawa, ambaye aliruhusiwa kuingia peke yake na kamera ndogo, bila kundi la mafundi wa taa na sauti. Hilo linaonekana. Kuna wakati Miyazaki anasahau kabisa kwamba kuna mtu chumbani, na kuna wakati anamkumbuka na kumfokea. Mimi nilitazama kwa simu, kwa bando la usiku, na Kiingereza chake si cha kukuvunja kichwa.

Sehemu mbili za kwanza zinahusu utengenezaji wa Ponyo, filamu ya 2008. Ukiitazama Ponyo unadhani imechorwa na mtu mwenye furaha tele: samaki mdogo anakimbia juu ya mawimbi makubwa kama nyangumi, anamfuata rafiki yake. Nyuma ya pazia, mchoraji amekwama. Anakaa mezani mguu ukitikisika bila kukoma, anachora, anatupa, anatoka nje, anarudi. Alikuwa amekwenda London na kuuona mchoro wa Ophelia wa Millais katika jumba la Tate, akaona jinsi wachoraji wa zamani walivyofika mbali kwa undani wa picha, akaamua yeye ageuke aende upande mwingine: arudi kwenye penseli na mistari ya kawaida, bahari ichorwe kwa mkono. Matokeo yake ni michoro zaidi ya 170,000. Na wenzake walianza kazi wakati yeye mwenyewe hajajua filamu itaishaje, maana hutengeneza hivyo: anapanga mwanzo kwa michoro, studio inaanza kuchora, mwisho atautafuta njiani. Kwa mkaguzi wa fedha hiyo ni ndoto mbaya.

Hapo ndipo nilipopata nilichokuwa nakitafuta. Nimefuatilia kazi zake kwa miaka, na siku zote nilijiuliza mtu mwenye mtazamo mweusi hivi kuhusu dunia anatoa wapi filamu zenye mwanga. Haamini kwamba binadamu wataacha kuharibu mito na misitu. Anakoishi, Tokorozawa, hushiriki na majirani kusafisha mto, na lile pepo linalonuka katika filamu yake ya Spirited Away, wanalolivuta baiskeli ubavuni, limetokana na usafi wa mto aliowahi kuushiriki kweli. Baba yake na ami yake walikuwa na kiwanda cha vipuri vya ndege za kivita za Japani zilizoitwa Zero, na yeye alizaliwa Januari 1941, vita vikipamba moto. Anachukia vita, anapenda ndege za kivita, na hajifanyi kwamba mambo hayo mawili yanapatana. Tuzo ya Oscar ya Spirited Away ilipotolewa mwaka 2003 hakwenda Marekani kuipokea. Baadaye alieleza kwamba hakutaka kukanyaga nchi inayoipiga Iraq mabomu. Jibu ambalo mfululizo unanipa ni kwamba mwanga ule haumtoki kwa wepesi. Anajilazimisha. Watoto watatazama, kwa hiyo hana ruhusa ya kuwakatisha tamaa, hata kama yeye mwenyewe amekata.

Kwa mtazamo huo huo, ndiye mtu aliyewahi kuwaambia wazazi kwamba mtoto hana haja ya kuirudia Totoro mara chungu nzima. Atoke nje akacheze. Nasoma hayo huku mpwa wangu akiidai simu aione tena. Nampa. Samahani, mzee.

Sasa tufike kwa mtoto wake, Goro. Hapa ndipo nilipositisha video nikaenda kunywa maji. Goro alikuwa mtaalamu wa mandhari na bustani, akaliongoza jumba la makumbusho la Ghibli, studio ya baba yake, kule Mitaka, kisha akapewa filamu ya kwanza, Tales from Earthsea, 2006. Baba hakutaka. Siku ya kuonyeshwa, baba anaingia, na katikati ya filamu anatoka kuvuta sigara. Kamera inamkuta nje. Anayosema sitayarudia hapa, mkayasikie wenyewe, ila kwa ufupi anaona mtoto wake hajakomaa. Kuna mashabiki wanaoiita hiyo heshima ya kazi, kwamba fundi hampendelei hata mwanawe. Mimi siafiki. Unaweza kuikataa kazi ya mtu bila kuikataa mbele ya kamera ya televisheni ya taifa.

Sehemu ya 3 inawarudisha tena wawili hao, Goro akitengeneza From Up on Poppy Hill na baba akiwa mmoja wa walioandika mswada wake. Hapo kuna kitu kizuri kilichonipita haraka hadi nikairudisha nyuma. Goro amekwama na msichana wa hadithi, anaonekana mzito, hana uhai. Baba hasemi mengi. Anachora picha moja ya msichana huyo akitembea kwa hatua ndefu, mwili umeinamia mbele. Mtoto anaiona, na filamu inabadilika. Kisha linakuja tetemeko la Machi 11, 2011. Studio inataka kuwapumzisha wafanyakazi, Miyazaki anapinga: kazi iendelee. Hapo tena sikujua nimwone shujaa au bosi asiyejali. Mfululizo haukuamulii.

Ila sehemu ya 4 ndiyo yangu. Ni ya The Wind Rises, 2013, kuhusu Jiro Horikoshi, mbunifu wa hizo ndege za Zero. Ndani yake kuna tetemeko la Kanto la 1923, na kipande kimoja cha umati wa watu wakisukumana na mizigo yao. Kinachukua sekunde nne. Mchoraji, Eiji Yamamori, alikichora kwa mwaka mmoja na miezi mitatu. Anapomaliza, Miyazaki anamwambia imestahili, naye anajibu kama mtu yeyote angejibu: ni fupi mno. Nilirudi kwenye filamu yenyewe nikakitafuta kipande hicho. Kila mtu pale anafanya jambo lake; hakuna hata mmoja aliyenakiliwa kutoka kwa mwenzake. Kabla ya hapo nilikuwa nimekipita mara kadhaa nikidhani ni pazia la nyuma tu.

Nyota niliyoikata ni ya msimuliaji. Anaeleza yanayoonekana, na kila mzee akinyamaza kidogo anakimbilia kutuambia kuwa yuko kwenye fikra nzito. Pia wachoraji wengine, ukimwondoa Yamamori na wachache, wanapita kama vivuli, wakati ndio waliokaa kwenye meza hizo. Na mwisho wenyewe, ule wa kutangaza kustaafu Septemba 2013, leo unachekesha: mwaka 2023 akatoa The Boy and the Heron, Japani wakaipokea bila trela hata moja, na Machi 2024 ikamletea Oscar ya pili.

Kama umezoea katuni za mapigano kama Naruto na Dragon Ball, usianzie hapa, utachoka kumtazama mzee akifuta kwa raba. Tazama Ponyo kwanza, ndipo uingie sehemu ya 1 na ya 2. The Wind Rises iwe kabla ya sehemu ya 4, la sivyo utaharibiwa utamu. Sehemu ya 3 itazame wakati wowote, ila si ukiwa umekaa sebuleni na baba yako.