Uzoefu wangu: diski na pedi mpya za breki kwa Prado inayoshuka mlima wa Lushoto

Gari ninaloliandikia tathmini hii ni Toyota Land Cruiser Prado ya toleo la 120, yenye injini ya dizeli ya lita 3.0 na gia otomatiki, na kazi yake kubwa ni kupanda na kushuka kati ya Lushoto na Mombo, mara nyingi ikiwa imebeba abiria na magunia ya mboga kwa pamoja. Kwa gari zito la namna hii katika barabara ya namna hii, nimeridhika kabisa kwamba kinachofaa kununuliwa ni diski bapa za kawaida, zisizo na matundu wala mifereji usoni, zenye unene kamili uliowekwa na kiwanda, pamoja na pedi za mtengenezaji anayejulikana ambazo zinaweza kuhimili joto kali. Nilifunga Brembo kwa upande wa diski na Advics kwa upande wa pedi, na nitaeleza kwa nini.

Mji wa Lushoto uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na Mombo iko karibu mita 1,000 chini yake, mwisho wa barabara ya lami yenye kona nyingi inayopitia Soni kwa kilomita zipatazo 33. Prado yenye mzigo ikifikia kilo 2,300, nguvu inayopaswa kuondolewa katika mteremko huo mzima ni sawa na ile ya kupasha ndoo tatu za maji za lita 20 kutoka ubaridi wa asubuhi hadi kuchemka. Sehemu ya nguvu hiyo huchukuliwa na upepo na injini, lakini yote ambayo dereva anaiachia pedeli ya breki huishia kwenye vyuma vinne vya mviringo, yaani diski, ambazo pedi huzibana ili kupunguza mwendo, na vile viwili vya mbele ndivyo hubeba sehemu kubwa. Ndiyo maana ushauri unaotolewa kwa magari madogo yanayozunguka mjini haunitoshi.

Dalili zilizonifanya nizibadilishe zile za zamani zilikuwa za wazi: usukani ulitetemeka kila nilipokanyaga breki nikiwa kwenye mwendo, pedeli ilipigapiga mguu, na tukikaribia Mombo harufu ya kuungua ilijaa ndani ya gari. Gereji niliyoiendea kwanza walipendekeza diski zichongwe ili uso wake unyooke. Niliomba zipimwe kwanza kwa vernia, kifaa cha kupimia unene, na hapo ndipo jambo lilipojulikana, kwa sababu diski ya mbele ya gari hili huwa na unene wa milimita 28 ikiwa mpya na haipaswi kushuka chini ya milimita 26, ilhali zangu zilikuwa zimekaribia mno kikomo hicho kabla hata ya kuguswa na mashine. Kuichonga diski iliyofikia hapo ni kupunguza chuma kinachohifadhi joto, na matokeo yake ni kwamba mtetemo huondoka kwa muda mfupi kisha hurudi ukiwa mkubwa zaidi. Namsihi kila mwenye gari asimame pale vipimo vinapochukuliwa, na ahakikishe vinachukuliwa sehemu kadhaa kuzunguka diski, kwani tatizo ambalo mafundi wengi huliita kupinda kwa diski mara nyingi ni tofauti ndogo ya unene kati ya sehemu moja na nyingine. Kiwango cha chini cha unene kwa kawaida huwa kimechorwa kwenye diski yenyewe, ingawa kutu huweza kukificha.

Katika maduka ya vipuri ya Kariakoo nilioneshwa diski za kila aina, na muuzaji mmoja alisisitiza sana zile zilizotobolewa matundu, akisema zinapoa haraka. Sikuzichukua. Mabomba ya hewa yaliyo katikati ya bamba mbili za diski ndiyo yanayofanya kazi kubwa ya kupoza, na hayo yamo pia katika diski bapa. Matundu ya usoni hupunguza chuma, na kwenye diski inayopata joto na kupoa mara kwa mara chini ya gari zito, pembezoni mwa tundu ndipo nyufa huanzia. Mifereji ina sababu zaidi, kwa vile husaidia kukwangua uso wa pedi na kutoa maji na tope, lakini hula pedi haraka na huvuma. Jambo lililonisaidia kuliko maneno ya wauzaji ni kuinua diski mbili za ukubwa mmoja, moja kila mkono, kisha kuchungulia upande wa ndani: ile ya bei ya chini ilikuwa nyepesi kwa namna ambayo mkono uliweza kuitambua, na kuta kati ya mabomba yake ya hewa zilikuwa nyembamba na zisizolingana.

Ukubwa nao unahitaji uangalifu. Katika jamii hii ya magari ya Toyota zipo diski za mbele zenye kipenyo cha milimita 319 na nyingine za milimita 338, na kwa macho ya mtu aliyesimama dukani zinafanana mno, hivyo kusema tu kwamba unataka diski ya Prado hakutoshi. Nilikwenda na namba ya chesisi pamoja na kipimo cha diski ya zamani. Za Brembo nilizopewa zilikuwa zimepakwa rangi ya kuzuia kutu ambayo hailazimu kuoshwa kabla ya kufungwa, na kwangu hilo ni faida ya kweli, kwa maana diski inayokuja imepakwa mafuta isiposafishwa vizuri huharibu pedi mpya siku ileile.

Pedi zilinichukua muda mrefu zaidi. Zile za seramiki zinasifiwa kwa ukimya na kwa vumbi dogo lisilochafua rimu, na kwa gari la mjini ningezifikiria, lakini kwa mteremko mrefu nilitaka kujua zaidi pedi inafanya nini ikishapata moto. Pedi nyingi huwa na maandishi pembeni au mgongoni yanayoishia na herufi mbili; ya kwanza hueleza kiwango cha msuguano wakati pedi haijapata joto sana, na ya pili wakati imepata moto. Herufi E ni msuguano wa 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, na G ni 0.45 hadi 0.55. Pedi iliyoandikwa FE, kwa hiyo, inakiri yenyewe kwamba hupoteza nguvu ikipata joto, na hiyo si ya kushuka nayo Soni. Alama nyingine ya kutafuta ni ile ya kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 90, inayoonekana kama herufi E na namba ya nchi ndani ya duara ikifuatwa na 90R, ambayo inaidhinisha kwamba pedi ya kubadilishia imepimwa na kukaribia utendaji wa ile ya kiwandani.

Advics ni kampuni ya Kijapani iliyoanzishwa mwaka 2001, na Toyota yenyewe ni miongoni mwa walioianzisha, kwa hiyo pedi zake hukaa ndani ya kalipa, yaani kibanio kinachozisukuma pedi kwenye diski, bila kulazimishwa. Tatizo ni kwamba jina hilo huigwa. Duka moja lilinipa boksi lenye jina sahihi, lakini pedi za ndani hazikuwa na maandishi yoyote mgongoni na rangi ya bamba ilibanduka kwa kucha. Niliondoka nikaenda kwingine.

Ufungaji ulifanyika Tanga, na fundi aliyeifanya kazi hiyo anastahili sifa. Alisugua habu, yaani kitovu cha gurudumu ambacho diski hukaa juu yake, hadi kutu yote ikatoka, kwa sababu hata chembe ndogo ya kutu chini ya diski huifanya iyumbe inapozunguka. Kalipa za mbele za gari hili zina pistoni nne kila moja na hazitelezi, hivyo alizirudisha pistoni moja baada ya nyingine akihakikisha hakuna iliyokwama, akabadilisha pini zilizoliwa, kisha akatoa mafuta yote ya breki ya zamani na kuweka DOT 4. Mafuta hayo yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi joto 230, wakati DOT 3 ni 205, na yote mawili hushuka sana yakishavuta unyevu wa hewa. Nati za magurudumu alizikaza kwa mkazo wa 112 Nm kwa mpangilio wa kuvuka, nati moja kisha ile iliyo mkabala nayo, wala hakutumia mashine ya upepo.

Baada ya hapo tulizizoesha pedi kwenye barabara iliyonyooka, tukipunguza mwendo kutoka kilomita 60 kwa saa hadi karibu 10 mara kadhaa bila kusimama kabisa, na kuziacha zipoe katikati. Sasa usukani umetulia, pedeli iko juu na ngumu, na nikifika Mombo na mzigo sisikii ile harufu. Vumbi jeusi kwenye rimu ni jingi kuliko awali, na asubuhi yenye ukungu breki hulia kidogo mwanzoni. Bado nashuka kwa gia namba mbili, kwa kuwa hakuna pedi inayochukua nafasi ya injini katika mteremko huu.

Gharama yake ilikuwa karibu mara mbili ya seti ya bei nafuu. Diski za nyuma nimeziacha, kwa sababu zilipopimwa zilikuwa bado na unene wa kutosha juu ya kiwango chake cha milimita 16.