Skyrim: nimecheza makabila mengi, nabaki kuwa mjusi

Skyrim, gemu la kompyuta la majoka na mapanga, ilitoka Novemba 2011 na bado haijatoka kwenye kompyuta yangu. Mwanzoni kabisa, pale kwenye mji mdogo wa Helgen ukisubiri kukatwa kichwa, unaulizwa wewe ni nani, na hapo ndipo unapochagua kabila. Yako kumi: binadamu wa aina nne, elfi wa aina tatu, Orc, paka wanaoitwa Khajiit na mijusi wanaoitwa Argonian. Wengi huchukua Nord, binadamu wenyeji wa nchi ya Skyrim, kwa sababu ndiye anayetokea wa kwanza kwenye skrini, wakaendelea zao. Mimi kila nikianza upya huishia kwa Argonian.

Sababu ni maji. Argonian anapumua chini ya maji, basi, hana kikomo. Ukipanda na mto kutoka kijiji cha Riverwood unafika ziwa Ilinalta, na huko chini kuna makasha yaliyofungwa. Kabila lingine lingehesabu pumzi huku damu ikipungua. Mjusi anazunguka palepale sakafuni akiyatafuta taratibu, na kufungua kufuli ndiko anakoanza na nyongeza ya 10. Majambazi wakikuzidi nguvu ufukweni, unajitosa. Hakuna wa kukupiga upanga ukiwa unaogelea. Ubaya ni kwamba nawe huwezi kupiga, iwe kwa upanga au kwa uchawi, na wale samaki wakali hawana habari na sheria hiyo: wao wanakung'ata tu. Pia ana uwezo uitwao Histskin, mara moja kwa siku, inayoharakisha kupona mara kumi kwa sekunde 60. Imeniokoa mbele ya majoka mara nyingi kuliko dawa za chupa.

Kama unachotaka ni nguvu tu, sikufichi: chukua Breton, binadamu mwingine, anapunguza robo ya uchawi wowote unaompata, tangu mwanzo hadi mwisho. Au Orc, ambaye akipandwa na hasira anapiga maradufu na kuumia nusu kwa dakika nzima. Hao wawili ukiwachezesha vizuri hakuna wa kukusumbua.

Ila kinachonikera ni hiki. Ulimwengu wa gemu hili una ubaguzi uliotengenezwa kwa makini, halafu mchezaji haumgusi. Misafara ya Khajiit inapiga hema nje ya kuta za miji, maana hairuhusiwi kuingia. Kule kwenye mji wa Windhelm mijusi wanabeba mizigo bandarini na hawaruhusiwi kuishi ndani ya mji. Sasa chagua wewe kuwa mjusi. Hadvar, askari mwenye orodha ya wafungwa, atakuuliza pale Helgen kama una ndugu kati ya wafanyakazi wa bandari ya mji wa Riften, utafurahi ukidhani mambo yameanza. Kisha unafika Windhelm, unapita lango kuu na mkia wako, unapanda ngazi hadi kwa Ulfric, mtawala wa mji na kiongozi wa waasi, na ukitaka unajiunga na jeshi lake. Galmar, msaidizi wake, atashangaa kidogo kwa nini mtu kama wewe apiganie Skyrim, kisha anakupa kazi. Wenzako wako kule gatini, wanapigwa na baridi. Ningependa angalau nizuiwe langoni, nihonge au niingie usiku kwa kuogelea.

Orc peke yake ndiye niliyeona kabila lake linafungua mlango kweli. Kwenye ngome za Orc yeye anaingia kama ndugu, wakati sisi wengine tunatumwa kwanza kwenda kutafuta glavu za mfua chuma. Jambo dogo, lakini lilinifanya nimcheze Orc kwa muda mrefu kuliko nilivyopanga.

Kuna na wanaoniambia kabila si kitu, subiri uwe werewolf, yaani mtu anayegeuka mbwamwitu. Kweli, ukijiunga na Companions, kikundi cha wapiganaji wa mji wa Whiterun, huko mbele utapewa damu unywe, na baada ya hapo hakuna ugonjwa wowote utakaokupata. Lakini hiyo inaifuta kinga ya nusu ya magonjwa aliyozaliwa nayo mjusi, unakosa ile faida ya kulala usingizi mzuri, na ukigeuka unafanana na mbwamwitu mwingine yeyote, magamba hayaonekani tena. Kwa hiyo nikifika kwenye lile beseni la damu ya Aela, mmoja wa Companions, nageuza njia, hata kama hadithi ya Companions inakwamia hapohapo.